Hakuna Aliyepanda Ngazi za Mangi

Kiti kilifika kwangu juu ya guta la magurudumu matatu, kimefungwa kamba kama mbuzi wa Idi anayejua kinachomsubiri. Ni kiti cha chuma kilichosukwa kwa kamba za plastiki za kijani, na katikati zimelegea kiasi kwamba ukikaa bila kujihadhari unaweza kutokea upande wa pili wa dunia. Kijana wa guta alikitua mlangoni, akakizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Dada, hiki nacho umenunua?"

"Nimerithi."

"Aisee. Pole sana."

Sikujua kama pole ilikuwa ya msiba au ya kiti. Nilikiingiza ndani, nikainama kukifuta vumbi, ndipo harufu ikanipiga: mafuta ya karafuu. Yamezama kwenye kamba zile mpaka hata ukikitumbukiza kiti baharini wiki nzima, samaki watatoka wananukia pilau. Nawaambieni ninyi wa rika langu, harufu ile ilinirudisha Kariakoo kwa kasi ambayo mwendokasi haijawahi kuiota. Nikajikuta nina umri wa kung'oka meno ya mbele, nimesimama mtaani nimetazama juu, mdomo wazi, na moyoni nina hakika moja tu: tajiri wa ghorofa la mbele anaumwa utajiri, na Mama yangu yuko karibu kuambukizwa.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako wapangaji wote tulipikia, tuliogea, tuligombana na kupatana. Paa letu lilivuja kwa nidhamu, kila tundu na sufuria yake. Mama alikuwa anakaanga vitumbua barazani asubuhi na jioni, na mtaa mzima ukamwita Mama Vitumbua, jina la kuzaliwa likafa kifo cha kawaida. Alikuwa na sauti ya kusimamisha treni. Akicheka uani, kuku wa mtaa wa pili walikuwa wanataga kabla ya muda.

Pembeni yake alikaa shoga yake, Bi Tatu, Mmwera wa Lindi, aliyekuwa anadamka kwenda Feri kununua samaki na kurudi kuwakaanga. Wawili hawa walikuwa kama kidole na pete. Mafuta yakimwishia mmoja, mwingine anammiminia bila kuuliza. Bi Tatu alikuwa mwanafalsafa wetu. Shule hakuiona hata kwa dirishani, lakini akianza kusema, hata samaki walikuwa wanageuka wenyewe kwenye kikaango ili wamsikie vizuri.

Ng'ambo ya barabara lilisimama ghorofa la Mangi. Sakafu nne, ingawa sisi watoto tuliapa kwa Mungu mmoja kwamba ni kumi na mbili. Chini lilikuwa duka la masufuria ya jumla, yamepangwa mengine ndani ya mengine mpaka darini, yaking'aa kiasi kwamba wanawake walikuwa wanayapitia asubuhi kujitengeneza ushungi. Juu kabisa alikaa yeye na mkewe. Na kila alasiri, adhana ikishatulia, Mangi alikuwa anatoka kwenye roshani na kukaa kwenye kiti cha kamba za kijani. Hiki hiki.

Alikuwa na uso mrefu kama foleni ya maji. Mashavu yalikuwa yanateremka, macho yanateremka, masharubu nayo yanafuata njia hiyo hiyo. Alikuwa anakaa pale anatutazama, hacheki, hapungi mkono, mpaka giza linaingia. Sasa mtu mwenye masufuria yote yale, nyumba haivuji, gari limeegeshwa chini, halafu ananuna hivyo, wewe utasema nini? Mtaa ulisema.

"Mwaona?" alisema Bi Tatu, akielekeza kijiko chake cha kukaangia juu. "Pesa ni ugonjwa, jamani. Mtazameni. Ana kila kitu, raha hana. Sisi hapa hatuna kitu, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mungu hakupi vyote."

"Hakupi vyote, kweli," waliitikia wenzake, na hapo kila mtu alikuwa anajisikia ameshiba kidogo.

Ushahidi mwingine ulikuwa Aika. Mke wa Mangi aliitwa Mama Aika, lakini Aika mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Mtaa ukajijazia: yuko Ulaya. Kapelekwa kusoma, kawasahau wazazi, hata simu hapigi. Ndiyo tabia ya watoto wa matajiri. Nani alileta habari hiyo, sijui mpaka leo. Kariakoo habari hazina mama, zinaokotwa zimeshaota meno.

Mtu pekee aliyekuwa anathubutu kumrushia Mangi maneno alikuwa Mama, na alikuwa na kibali. Sisi ni Wapare wa Usangi, Mangi alikuwa Mchaga wa Machame, na mnajua wenyewe: hao ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana mbele ya wageni na wewe unamshukuru. Mtani anaweza kuchukua kofia yako kichwani akaondoka nayo, ukimfuata unaonekana mjinga.

Kila jioni mke wa Mangi alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani mpaka chini, Mama anavuka barabara, anachukua hela, anaweka vitumbua, kikapu kinapanda. Na maneno yanapanda nacho.

"We Mchaga! Umekaa hapo juu unafikiria namna ya kuuza hewa?"

"We Mpare!" Mangi alikuwa anajibu bila kubadilisha uso hata nukta. "Hivi vitumbua umepika au umefyatua? Nataka kuongeza ukuta!"

"Ongeza kaburi! Ukifa wewe hatulii, tunapiga sarafu sakafuni tuone kama kweli umekufa!"

"Piga, Mpare, kama utakubali kuachia hiyo sarafu!"

Mtaa mzima hoi kwa kicheko. Halafu Mama, akimalizia: "Haya, mwanao wa Ulaya amekuletea nini wiki hii?"

Na Mangi, kila mara, kwa sauti ile ile: "Salamu tu, mtani. Kanitumia salamu tu."

Mimi nilikuwa nasikiliza yote hayo na kuyapanga kichwani kama daktari. Bi Tatu amesema pesa ni ugonjwa. Dalili: uso kushuka, mtu kushindwa kusimama, mtoto kupotea Ulaya. Na dawa ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu: kila jioni Mama Aika alikuwa anatoka na chupa ndogo, anapiga magoti mbele ya mumewe, anammiminia na kumchua. Upepo ukigeuka tuliisikia mpaka chini, harufu ya karafuu. Dawa ya utajiri. Nilimwonea huruma. Nilimshukuru Mungu kwamba sisi tulikuwa tumechanjwa.

Halafu siku moja kikapu kikateremka bila hela. Ndani kulikuwa na ufunguo.

"Mtani!" Mangi aliita. "Hapa chini ya ngazi pana fremu ya duka, inalala panya tu. Njoo uwafukuze, uweke meza, uuze chai na hayo matofali yako. Wenye maduka wa jengo zima wanakunywa chai mbali. Lakini nataka jibu Ijumaa. Pana kijana wa simu ananisumbua, Jumamosi nampa yeye."

Mama alisimama katikati ya barabara, mkokoteni unampigia kelele apishe, yeye anautazama ufunguo kana kwamba ametumiwa kitumbua kilichoota miguu. Kisha akaufunga kwenye pindo la kanga.

Jioni ile uani palikuwa bunge. Wapo waliosema nenda, wapo waliosema angalia. Bi Tatu alikaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi kwa nguvu kama inamdai.

"Nenda, nani amekukataza? Lakini mtazame yule. Alianza na fremu hivyo hivyo. Leo yuko wapi? Kakaa kama kuku aliyenyeshewa. Pesa inaingia kwa mlango, raha inatoka kwa dirisha. Utakuwa na chai, na meza, na wafanyakazi, halafu jioni utakaa peke yako una uso kama ule."

"Sasa Tatu, fremu ya chini ya ngazi nayo ni utajiri?"

"Ndipo unapoanzia! Kwani homa inaanza na nini? Kijibaridi tu."

Mama alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kuku wote waliendelea na usingizi wao. Baadaye nilimwona ameufungua ufunguo kutoka kwenye kanga, anaugeuzageuza. Alikuwa anautaka. Hata mimi kwa akili zangu za pengo nilijua anautaka kuliko alivyowahi kutaka kitu, na anaogopa. Nami niliogopa maradufu. Mama alikuwa ndiye anayetuchekesha. Akiumwa utajiri, nyumba yetu ingebakiwa na nini? Sufuria za kukinga mvua?

Nikaamua kwenda kumwuliza mgonjwa mwenyewe.

Sasa zingatieni jambo hili, kwa sababu lilinichukua miaka kulielewa. Mtaa ule ulimjadili Mangi kila siku iendayo kwa Mungu. Walijua anachowaza, anacholilia, anachoota. Lakini kwa sababu ya kile kikapu, hakuna aliyekuwa amewahi kupanda ngazi zake. Hakuna. Vitumbua vilikuwa vinapanda, matusi yanapanda, watu tunabaki chini na majibu yetu.

Nilitoka chuo cha Kurani na juzuu yangu kwapani, nikavuka barabara, nikapanda. Ngazi zilikuwa elfu moja, na kama si elfu, basi mguu wangu ulizihesabu vibaya. Mlango wa juu ulikuwa wazi. Nikamkuta kwenye kiti, suruali imekunjwa, mkewe anafungua ile chupa.

"Shikamoo."

"Marahaba. He! Mpare mdogo. Umetumwa au umetoroka?"

"Nimetoroka."

"Safi. Karibu. Ukiiba chochote useme, nimdai mama yako."

Sikucheka. Nilikuwa nimekuja kikazi. "Mzee, eti utajiri unauma wapi?"

Mama Aika aliacha kufungua chupa. Mangi alinitazama kwa ule uso wake. "Unauma wapi? Nani kakwambia unauma?"

"Bi Tatu kasema una ugonjwa wa utajiri. Na Mama anataka kuja hapo chini ya ngazi, na mimi sitaki aumwe, kwa sababu yeye ndiye anayetuchekesha."

Wakatazamana. Mama Aika akaanza kutetemeka mabega, akaishika ile chupa isimwagike. Mangi akavuta suruali juu zaidi, akanionyesha magoti mawili yaliyovimba kama mafenesi machanga.

"Panauma hapa," alisema. "Mimi nilikuwa mchukuzi pale sokoni. Nilikuwa napanda na magunia ya viazi kutoka Shimoni, kule chini ya ardhi ya soko, sina hata kandambili. Haya magoti yaliharibika huko. Yaliniuma nikiwa maskini, yananiuma nikiwa tajiri. Tofauti ni moja tu: zamani yaliniuma nimesimama."

Nilifikiri kidogo. "Na uso?"

"Uso una nini?"

"Umenuna."

"Huu?" Alijishika mashavu. "Huu nimezaliwa nao!"

"Kweli tupu, mwanangu," alidakia Mama Aika, machozi ya kicheko yanamtoka. "Siku ya harusi yetu mchungaji alimwuliza mara mbili kama amelazimishwa."

Hapo nikajisikia nyumbani, nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimebakiza dalili moja. "Na Aika? Wanasema yuko Ulaya, hapigi simu."

Kicheko kilikatika kama umeme wa mgao. Mama Aika aliiweka chupa chini polepole. Chini barabarani nilimsikia Mama akimwita mteja, sauti ileile ya treni, na kule juu ilisikika kila neno kama yuko chumbani.

"Aika hakufika Ulaya, mwanangu," alisema Mama Aika. "Aika alikuwa mdogo kuliko wewe. Tulikuwa tumepanga chumba huko Mchikichini, mvua imejaza maji mpaka kitandani. Akashikwa na homa. Tulikosa hela ya teksi, baba yake akambeba mgongoni kwenda hospitali."

Hakumaliza. Mangi ndiye aliyemaliza, akitazama magoti yake.

"Mimi kila siku nilikuwa nabeba gunia la kushinda watu wawili, nafika. Siku ile nilibeba mzigo mwepesi kuliko yote ya maisha yangu. Sikufika nao."

Nilitaka kulia lakini sikujua kama naruhusiwa. Akanisogezea kisahani. Kulikuwa na kitumbua cha Mama, amekibakiza. Nikakitafuna.

"Sikiliza, Mpare mdogo. Ukiwasikia wanasema Mangi ana huzuni, usiwabishie. Ninayo. Lakini waambie haikuja na pesa. Ilitangulia. Pesa ilichelewa, hilo ndilo kosa lake." Akavuta pumzi. "Na huku roshani mimi sitoki kuhuzunika. Natoka kusikiliza matusi ya mama yako. Jioni asipokuja kunitukana chakula hakipiti."

Niliteremka zile ngazi elfu nikamkuta Mama anamimina unga kwenye kikaango. Nikamweleza yote, bila kupanga, kama mtoto anavyomwaga maharage. Nilipofika kwa Aika, mkono wake ulibaki hewani. Vitumbua vikaungua, seti nzima, mara ya kwanza na ya mwisho kuviona vikiungua mbele yake. Alichukua pindo la kanga akaziba mdomo.

"Salamu," alisema ndani ya kanga. "Miaka yote hii namwuliza mwanao kakuletea nini. Anajibu salamu."

Akainuka. Hakuvua hata kanga ya unga. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, mikokoteni ikampisha yenyewe, akazipanda zile ngazi. Kikapu kilikuwa kinaning'inia nusu ya ukuta, hakuna wa kukivuta.

Kilichozungumzwa juu sikukisikia. Nilimwona tu kutoka chini: ameshika ukingo wa roshani, ameinamisha kichwa, Mama Aika kamshika bega. Kisha, baada ya muda mrefu, sauti ya Mama ikatoka kule juu, ina makamasi lakini nzima:

"We Mchaga! Kumbe huku juu kuna upepo mzuri hivi, na wewe unatuacha tunaungua huko chini!"

"Lipa, Mpare! Upepo wenyewe nimeununua!"

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na ufunguo uko mkononi, nje, hadharani. Bi Tatu alimwangalia.

"Umelia, shoga. Nilisema mimi! Hata hujaingia umeshaanza."

"Nimelia umaskini, Tatu," Mama alijibu. "Huo utajiri bado sijauonja. Nauonja Jumamosi."

"Nenda basi." Bi Tatu aligeuza samaki aliyekuwa tayari ameiva pande zote. "Ukivuka barabara hiyo hutanijua tena. Wote huwa hivyo."

Nakumbuka jinsi alivyosema. Hakukuwa na falsafa humo. Mama alikaa karibu naye, akachukua kijiko mkononi mwake akawatoa samaki wasiungue, wakakaa bega kwa bega mpaka mafuta yakapoa.

Jumamosi Mama alifungua. Meza moja, mabenchi mawili, birika kubwa, na panya wawili watatu waliokataa kuhama. Wenye maduka wakaja, wachukuzi wakaja. Wa uani kwetu hakuja hata mmoja. Walikuwa wanatuchungulia toka ng'ambo kama tumelazwa hospitali. Mama alikuwa anawahudumia wateja, jicho moja liko kwenye baraza letu la zamani. Jua lilikuwa limeshapanda tulipomwona Bi Tatu anavuka, karai la samaki kichwani, anatembea kama balozi. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuona huzuni imefika wapi."

"Bado iko njiani," alisema Mama. "Kaa hapo uisubiri."

Akakaa. Aliisubiri miaka mingi, meza ya samaki upande huu, vitumbua upande ule, mpaka wakazeeka wote wawili na huzuni yenyewe, ile waliyoahidiwa, haijatokea.

Nisiwadanganye. Hatukuwa mamilionea, ingawa nilipokuwa shuleni niliwaambia wenzangu tuna ndege. Tulipata chumba cha pili. Tukapata paa lisilovuja. Na tukapata feni. Nani alisema feni haileti furaha? Aje alale Kariakoo mwezi wa Februari bila feni, halafu tuzungumze vizuri. Mama alilia alipofiwa na kaka yake, alilia sana, fremu haikumzuia. Ilichomzuia ni kulia huku anazunguka uani kukopa nauli ya kwenda Usangi. Mimi huo nauita uhuru. Wewe uite unavyopenda.

Shule niliikatisha njiani, kwa ukaidi wangu, nikaja kuimalizia ya usiku nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Darasani tulikuwa wauza mitumba wa Mchikichini, mama lishe, walinzi wenye sare, wote tumechoka mpaka kope zinanuka jasho. Mwalimu wetu wa fasihi, mtu mpole, alikuwa anapenda mashairi ya Wamarekani. Alituletea moja baada ya jingine, akitueleza kwa Kiswahili, na kila lililokuja lilikuwa na tajiri, na kila tajiri alikuwa mpweke ndani ya jumba lake, anaheshimiwa nje, anaoza ndani. Na darasa lote, watu ambao hawajalipa kodi ya nyumba, linatikisa kichwa: "Kweli kabisa. Pesa si kitu." Niliiona ile shibe ya barazani kwetu, ileile, imerudi imevaa sare ya ulinzi.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mshairi alipanda ngazi?"

"Ngazi gani?"

"Za huyo tajiri. Alimwuliza? Au alikuwa amesimama chini anatazama uso?"

Darasa likacheka, lakini Mwalimu hakucheka. Alikaa ukingoni mwa meza akasema hilo swali ni zuri, na wiki iliyofuata akatuletea mashairi mengine ya Wamarekani haohao, ya watu waliofua, waliolima, waliopiga deki nyumba za wengine, na hao wote walikuwa wanadai: mkate, koti, chumba, heshima. Hakuna hata mmoja aliyesema njaa inamchekesha. Basi nikawasamehe Wamarekani. Kumbe wao kwa wao wanabishana. Ila nimeshika upande wangu. Anayesema pesa haileti furaha naomba anionyeshe kwanza magoti yake.

Mangi amefariki mwaka huu, mzee wa miaka mingi, usingizini, ndani ya chandarua. Turubai lilifunga mtaa mzima kabla ya safari ya kumpeleka Machame. Mama, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliomba tumpandishe ngazi. Tulimpandisha wawili, anapumzika kila baada ya hatua chache, anatukana jengo. Chini, vijana wa Kipare walikuwa wameshaanza: mmoja alipiga sarafu sakafuni, watu wakacheka kwa adabu. "Hiyo ya zamani," Mama alinong'ona. "Subirini."

Akaingia chumbani kwa marehemu bila kubisha hodi. Mtani habishi. Akatoka amevaa koti la Mangi na kofia yake, akajikokota mpaka roshani, akakaa kwenye kiti hiki. Akaushusha uso. Jamani! Mashavu yakateremka, macho yakateremka, na kama angekuwa na masharubu yangeteremka. Alikuwa ni Mangi mwenyewe. Watu chini wakatazama juu mmoja mmoja mpaka turubai zima likawa shingo juu. Nikasikia mwanamke mmoja kijana, wa juzi juzi hapo mtaani, akimwambia mwenzake, "Maskini, alikuwa na huzuni sana yule mzee, pamoja na mali zote."

Mama akamsikia. Masikio hayo bado mazima.

"Nani kasema huzuni?" Ile sauti ya treni, imechakaa lakini bado inasimamisha. "Magoti haya! Magoti!"

Mama Aika, mjane, ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza. Alicheka mpaka akashikwa. Na mtaa ukafuata, wote, wenye sababu na wasio na sababu. Mama akangoja watulie. Kisha akasimama, akakigonga kiti kwa fimbo.

"Na hiki ni changu. Nani anabisha?"

Mtani akichukua kachukua. Hakubisha mtu.

Kisha akakituma kwangu kwa lile guta, kwa sababu mimi ndiye niliyepanda kwanza. Nimekiweka kibarazani, ghorofa ya kwanza, nyumba ya kupanga lakini yenye upepo. Magoti yangu nayo yameanza, na chupa ya karafuu iko hapa miguuni. Uso, naambiwa, nimeshaanza kuuteremsha bila kujua. Jioni wapita njia wananitazama, nawaona midomo inavyochezacheza. Waseme tu. Mimi kikapu sina. Anayetaka kujua, ngazi zile pale.